Maswali ya Wasomaji: Kitanda Gani kwa Zahanati Mpya?

Barua nyingi za toleo hili zimetoka kwa watu wanaofungua zahanati, kliniki za utengamao na vyumba vya kufungia vidonda. Kila mmoja ana lake, lakini wote wamekwama pale pale: vitanda vya kuhudumia wagonjwa. Tumezifupisha barua saba na kuzijibu hapa. Vipimo ni vya sentimita, isipokuwa pale tulipotaja kingine.

Nafungua zahanati. Nina chumba cha daktari, chumba cha sindano na vidonda, na chumba cha kliniki ya mama na mtoto. Muuzaji anasema nikichukua vitanda vitatu vya aina moja atanipunguzia bei. Nikubali?
*Tabibu, Morogoro*

Usikubali, Daktari. Vitanda vitatu vya aina moja vitafaa chumba kimoja, na katika vile viwili vingine wahudumu watakuwa wakihangaika kila siku. Kabla ya kutazama bei, andika kwenye karatasi kazi zitakazofanyika juu ya kila kitanda, nani atazifanya, na mgonjwa dhaifu kuliko wote atakayekipanda ni nani. Huyo mgonjwa wa mwisho ndiye anayesahaulika.

Chumba cha daktari kinatosheka na kitanda cha kimo kisichobadilika: urefu 185 hadi 190, upana 60 hadi 65, kimo 75 hadi 80. Upana wa 55, ambao upo sokoni kwa wingi, unamfanya mtu mzima aogope kugeuka ubavu. Ukizidi 70, daktari inambidi aegemee mbele kila anapopapasa tumbo. Hakikisha upande wa kichwa unainuka hadi nyuzi 45 au zaidi, kwa sababu mwenye moyo uliochoka au pumu iliyobana hawezi kulala chali, na mishipa ya shingo yenyewe hutazamwa mgonjwa akiwa ameinuliwa nyuzi 45. Egemeo la meno ya chuma ni la kudumu kuliko la gesi. La gesi hupanda kwa ulaini, lakini bomba lake likiisha nguvu halitengenezwi, linabadilishwa zima. Nunua pamoja na kipandio cha ngazi mbili chenye mpira juu na chini, kila ngazi kama 20. Kiti cha plastiki si kipandio. Wazee huangukia hapo.

Sasa pa kukiweka. Daktari humpima mgonjwa akiwa upande wa mkono wa kulia wa mgonjwa. Kwa hiyo mgonjwa akilala chali, kulia kwake kuwe wazi angalau 90, na kushoto kwake ndiko kwenye ukuta. Mafundi wengi hukisukumia panapoonekana nafasi, soketi na taa zikishafungwa, ndipo daktari anagundua kuwa atafanya kazi kinyumenyume miaka yote. Tandika mkeka sakafuni kabla ya kupiga plasta, mlaze mtu, kisha uwekee alama.

Chumba cha sindano na vidonda kinadai usafi kuliko starehe. Kitanda chake kiwe na godoro lisilo na mshono juu, fremu ya stenlesi ukiweza, na nafasi chini ya miguu ya kuweka beseni. Muuguzi anayeosha kidonda cha mguu huinama dakika 20 hadi 30, hivyo kimo cha 80 hadi 85 kinamsaidia mgongo, au umpe kigoda cha magurudumu kinachopanda na kushuka. Usitundike kabati juu ya kitanda hiki. Mtu akizirai baada ya sindano lazima alazwe haraka na miguu iinuliwe, na kabati hapo litamgonga muuguzi kichwa.

Kwenye kliniki ya mama na mtoto tenganisha mambo mawili. Kupima mimba kunahitaji kitanda chenye egemeo, upana 65 hadi 70. Mimba ikishakua, mama akilala chali kabisa mfuko wa uzazi hukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni, naye huona kizunguzungu. Lazima aweze kuinuliwa au kugeukia ubavu wa kushoto bila hofu. Kuweka kitanzi na kupima saratani ya shingo ya kizazi ni kazi nyingine: kunahitaji vishikio vya miguu, kipande cha chini kinachotoka au kukunjwa, na taa. Na tafadhali, upande wa miguu usitazame mlango hata kama kuna pazia.

Kama utazalisha, kitanda cha kujifungulia kinunuliwe peke yake. Chagua ambacho egemeo linapanda hadi mama akae wima, kwa kuwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2018 unataka mama aachiwe achague mkao anaoutaka. Kitanda kilicho bapa tu kimeshamchagulia.

Tuko wafiziotherapia wawili, tunaanza kliniki ya utengamao. Tununue vya umeme, vya pampu ya mafuta au vya kawaida? Na vingapi?
*Dodoma*

Tuanze na idadi, maana hapo ndipo fedha hupotea. Tuseme mnategemea wagonjwa 20 kwa siku. Kila mmoja anakaa kitandani dakika 40, na dakika 5 ni za kufuta na kubadili shuka. Siku ya saa 8 ina dakika 480, kwa hiyo kwenye karatasi kitanda kimoja kinabeba wagonjwa 10. Lakini watu huchelewa, wengine huja wawili kwa saa moja. Hesabuni 7, si 10. Wagonjwa 20 wanawapa vitanda 3: viwili chini ya mikono yenu, na cha tatu cha aliyelala na kifurushi cha moto au mashine ya umeme wa misuli. Kitanda cha nne mkinunue siku daftari la miadi litakapokidai.

Kati ya hivyo vitatu, kimoja kiwe kipana, 100 hadi 120 kwa urefu wa 200, kimo 45 hadi 50 tu. Hiki ni cha waliopata kiharusi na watoto wenye mtindio wa ubongo: mgonjwa anabingirika, anakaa pembeni nyayo zikigusa sakafu, na ninyi mnapiga magoti pamoja naye. Hakina haja ya mota; seremala mzuri anakitengeneza vizuri kabisa, na mtakuwa mmeokoa fedha nyingi.

Hivyo viwili vingine lazima vipande na kushuka. Msihesabu hili kuwa anasa. Simama, legeza mikono, kunja ngumi: pale vifundo vya vidole vinapofika ndipo juu ya kitanda panapotakiwa kuwa unapokandamiza mgongo kwa uzito wa mwili. Kwa mtu wa sentimita 160 ni karibu 70, kwa wa 180 ni karibu 78. Ukifanya kazi ya vidole, mfano kiganja au taya, unataka kimo kikaribie kiwiko. Na mgonjwa mwenyewe anataka kupanda kikiwa 50. Kitanda kimoja cha 75 hakiwezi kuwaridhisha watu hao wote, na atakayeumia kwanza ni mtaalamu, kiunoni.

Cha umeme kinapanda kwa sekunde chache mikono yenu ikiwa bado kwa mgonjwa. Udhaifu wake ni umeme wetu. Kupanda na kushuka kwa volti huunguza bodi ya kudhibiti, na bodi hiyo haipatikani kila duka. Kifungeni kwenye stabilaiza, na jioni kizimwe ukutani. Soma kibandiko cha mota: nyingi zimeandikwa asilimia 10, yaani zikifanya kazi dakika 2 mfululizo zipumzike 18. Mkikipandisha na kukishusha ovyo, mota inapata joto na kukataa, ninyi mnadhani imekufa.

Cha pampu ya mafuta hakijui kukatika kwa umeme, na fundi wa jeki za magari mara nyingi anaweza kubadili oringi zake, yaani pete za mpira zinazozuia mafuta yasivuje. Ubaya wake mkubwa ni kushuka polepole chini ya mzigo pale oringi inapochoka, na kuvuja mafuta sakafuni, jambo la hatari kwa anayejifunza kutembea upya. Kuna pia cha mkono wa kuzungusha: cha bei nafuu, kigumu kuharibika, lakini kinachosha, na mtaalamu akichoka huacha kukirekebisha. Mkiwa na fedha ya kimoja tu kizuri, ushauri wetu ni pampu ya mafuta pale umeme unapokatika mara kwa mara, na umeme pale ulipotulia na kuna wakala mwenye vipuri nchini. Muulize wakala akuonyeshe kipuri chenyewe, si picha yake.

Upande wa vipande: viwili vinatosha kwa mazoezi mengi. Vitatu, yaani kichwa, kiwiliwili na miguu, vina faida kwa wanaotibu mgongo na kifua. Tundu la uso liwe na kizibo chake, vinginevyo mgonjwa akilala chali kisogo kinazama.

Na hili tunalisema kwa mkazo. Kitanda cha umeme kinachoinuka kwa vyuma vya mkasi kinaweza kumbana mtu chini yake. Ujerumani, baada ya ajali zilizoua watu, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ilitaka vitanda hivi viwe na kifaa cha kufungia mota visipotumika. Mtoto wa mgonjwa anachezea kanyagio, au msafishaji ameingiza mkono kuokota kitambaa na goti lake limegusa fremu ya kukanyaga inayozunguka kitanda. Nunueni chenye ufunguo au swichi ya kufunga, na ufunguo ukae mfukoni mwa mtaalamu. Kisichokuwa nayo, plagi yake ichomolewe kila mtaalamu anapotoka chumbani.

Nina fundi wa kuchomelea anayeaminika. Nimwambie nini ili anitengenezee vitanda viwili vya uchunguzi vinavyodumu?
*Iringa*

Mpe mchoro wenye vipimo, usimpe picha ya simu. Picha haina unene wa chuma.

Miguu na fremu kuu: bomba la mraba, lile mafundi wanaloita skwea paipu, milimita 40 kwa 40, unene milimita 2. Wengi watakupa unene wa 1.2 kwa kuwa ni rahisi na kwa macho huoni tofauti. Nenda dukani na kalipa, kile kifaa cha kupimia unene, au pima ncha ya bomba kabla halijakatwa. Chini ya ubao weka vyuma vya kukatiza, umbali kati ya kimoja na kingine usizidi 40. Miguu iunganishwe kwa chuma cha kuizunguka, kama 15 kutoka sakafuni. Fungua nafasi hiyo upande mmoja mrefu ili vidole vya miguu ya mhudumu viingie chini. Asipoweza kusogeza mguu, atainama.

Ncha za mabomba zizibwe kwa kuchomelewa. Zikiachwa wazi, maji ya kupigia deki yanaingia na chuma kinaoza kutoka ndani, rangi ya nje ikiwa bado inang'aa. Kila mguu uwe na boliti ya kusawazisha yenye kikombe cha mpira, kwa sababu sakafu zetu ni chache zilizonyooka. Tumia pimamaji. Magurudumu kwenye kitanda cha uchunguzi hatuyapendi: breki za bei nafuu huisha, kitanda hukimbia mgonjwa anapokalia ukingo.

Rangi: chuma kisuguliwe kutu yote, kipakwe rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, kikauke, ndipo rangi ya mafuta mara mbili. Kama mjini kuna karakana yenye tanuri ya rangi ya unga, lipia hiyo. Inastahimili kufutwa kila siku kuliko rangi ya brashi.

Ubao wa juu ni plaiwudi ya milimita 18 isiyoogopa maji. Itobolewe matundu 6 hadi 8 ya milimita 10. Fundi atakuuliza ya nini. Mtu anapokalia godoro, hewa iliyomo inatafuta pa kutokea; isipopata tundu inapasua reksini.

Sponji iwe ya sentimita 5, densiti ya kilo 35 hadi 40 kwa mita ya ujazo. Hili unaweza kulihakiki kwa mzani wa duka. Kipande cha 190 kwa 65 kwa 5 kina ujazo wa mita 0.062 hivi. Kwa densiti ya 40 kinatakiwa kiwe na karibu kilo 2 na nusu. Kikiwa na kilo 1 na nusu, umeuziwa densiti ya 24, nayo katikati itabonyea kabla ya mwaka, na mgonjwa ataugusa ubao kwa nyonga. Usiongeze unene ukidhani unafidia. Sponji laini ya 10 inammeza mgonjwa, na daktari akipapasa tumbo hajui kama kinachobonyea ni tumbo au godoro.

Reksini ivutwe kutoka juu hadi chini ya ubao kwa kipande kimoja, pembe zikunjwe kama bahasha, zifungwe kwa stepla chini. Hakuna mshono juu, hakuna vifungo vya mapambo, hakuna uzi wa pembeni. Sofa ni sofa. Kwenye kitanda cha mgonjwa kila tundu la sindano ni mlango wa damu na usaha kuingia kwenye sponji, na sponji haisafishiki.

Reksini ya vitanda vyetu imepasuka ndani ya miezi michache, na miguu imeanza kutu. Tunafuta kwa jiki na spiriti kila siku. Kosa liko wapi?
*Muuguzi, Tanga*

Sista, kosa haliko kwenye bidii yenu. Spiriti ndiyo inayokausha reksini: inanyonya ule ulaini uliomo ndani yake, reksini inakuwa ngumu kama kadi, kisha inavunjika pale watu wanapokalia, yaani katikati ya ukingo. Mafuta ya kukandia nayo yanafanya kazi hiyo hiyo polepole yakiachwa bila kuoshwa.

Baada ya kila mgonjwa asiyeacha uchafu, maji ya sabuni na kitambaa kibichi vinatosha, kisha kitambaa kikavu. Panapomwagika damu au majimaji ya mwili, futa kwanza kwa kitambaa cha kutupa, halafu tumia klorini ya asilimia 0.5. Kama chupa imeandikwa 3.5%, changanya sehemu 1 ya jiki na sehemu 6 za maji. Iache dakika 10. Kisha, na hapa ndipo wengi wanaporuka, futa tena kwa maji matupu. Klorini iliyoachwa ikauke inaendelea kula chuma na reksini mchana kutwa. Mchanganyiko utengenezwe upya kila siku, kwa kuwa hupoteza nguvu.

Tanga mna jambo la pili: upepo wa bahari una chumvi. Chuma cha kupaka rangi kikikwaruzwa kidogo tu, kutu inaingilia hapo na kusambaa chini ya rangi. Kwa Tanga, Mombasa na Unguja tungenunua stenlesi ya daraja la 304 na kusahau. Angalieni msiuziwe 201 kwa jina la 304. Ni ya bei nafuu na inashika madoa ya kutu pwani. Sumaku haisaidii kuzitofautisha, kwa sababu zote mbili kwa kawaida haziivuti. Dai hati ya chuma kutoka kiwandani, au nunua kwa muuzaji anayekubali kuandika daraja kwenye risiti.

Reksini iliyopasuka msiizibe kwa selotepu. Gundi yake hukusanya uchafu na huwezi tena kusema kitanda kimetakaswa. Bandueni yote, tazameni sponji. Kama ina doa au harufu, itupwe pamoja nayo. Mnapochagua mpya, chukueni rangi hafifu, kama kijani cha majani machanga au buluu ya mbingu. Kahawia inaficha damu, na kwenye kliniki damu inatakiwa ionekane.

Mama yangu anatumia kitimwendo. Kliniki nyingi humpima akiwa amekaa hapo hapo kwa kuwa kitanda kiko juu. Naomba muwaeleze wanaofungua mpya.
*Mombasa*

Tunalipokea kwa uzito wake. Kupimwa ukiwa umekaa ni kupimwa nusu: tumbo halipapaswi vizuri, vidonda vya makalio havionekani, na vidonda hivyo vinaweza kumuua mtu mwenye ulemavu wa uti wa mgongo.

Kiti cha kitimwendo kiko kati ya 45 na 50 kutoka sakafuni. Kitanda kinachoshuka hadi hapo kinamruhusu mtu kujisogeza kwa mikono yake au kwa ubao wa kuhamia. Kwa 75 lazima abebwe, na kubebwa kunavunja viuno vya wauguzi na kumwangusha mgonjwa. Marekani, viwango vilivyorekebishwa mwaka 2024 na bodi inayoshughulikia ufikivu vinataka kitanda cha uchunguzi kishuke hadi inchi 17, yaani kama 43. Kliniki mpya isiyo na uwezo wa vitanda vyote inunue kimoja cha namna hii, kiwe katika chumba cha kwanza kutoka mlangoni, na chumba hicho kiwe na mduara wa kipenyo cha 150 usio na kitu ili kitimwendo kigeuke. Mlango uwe na uwazi wa 90. Vishikio vya pembeni vinavyolala vinasaidia kuliko kamba za kufungia.

Ndugu yangu aliyeko Marekani amepata vitanda vya kliniki iliyofungwa, anataka kuvipakia kwenye kontena. Nivipokee?
*Arusha*

Vipokee baada ya kupata picha tatu: kibandiko cha umeme, upande wa chini, na reksini kwa karibu.

Kibandiko kikisema 100–240V, badilisha plagi tu. Kikisema 115V na 60 Hz, kwetu ambako umeme ni volti 230 kinahitaji transfoma ya kushushia volti. Zidisha volti kwa ampea zilizoandikwa: 115 mara 8 ni 920, hivyo chukua transfoma ya VA 1500 ili isichemke. Iwe na waya wa ethi unaopita hadi kwenye kitanda. Zile za bei rahisi hazina, na hapa kuna mgonjwa amelala, pengine amelowa, juu ya chuma.

Vile vya sanduku lenye droo, visivyo na umeme, ni imara sana na vina vishikio vya miguu vilivyojificha ndani. Kwa kliniki ya akina mama ni zawadi nzuri. Ila kimo chake ni kama inchi 32, yaani 81, na hakibadiliki, kwa hiyo havimalizi shida ya wazee na wenye ulemavu. Uzito ni mkubwa. Hesabu watu wanne kwa kila kimoja na usikipeleke ghorofani bila kupima ngazi.

Hata msaada ni kifaa tiba, na njia yake inapita TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba Tanzania. Omba kibali kabla kontena halijapakiwa, ukitaja jina la mtengenezaji, modeli, namba ya kila kitanda na hali yake. Anayeomba baada ya meli kutia nanga hulipia siku za bandarini, na gharama hiyo inaweza kuzidi bei ya kitanda kipya cha fundi.

Vitanda vinafika wiki ijayo. Nivikague vipi kabla ya kusaini?
*Mwanza*

Usisaini ukiwa mlangoni. Andaa mifuko minne ya saruji ya kilo 50, pimamaji, futi ya kupimia na tochi.

Soma kwanza kibandiko cha mzigo. Kuna mzigo kinaoweza kubeba kikiwa kimetulia, na kuna mzigo kinaoweza kuuinua; cha pili huwa kidogo, na ndicho cha kuulizia. Mgonjwa wa kilo 130 na mtaalamu wa kilo 80 aliyepiga goti juu ni kilo 210 tayari. Kisichokuwa na kibandiko kabisa, rudisha.

Kikiwa kimesawazishwa, panga mifuko minne juu yake kwa kutawanya, kama kibandiko kinaruhusu kilo 200. Pima kimo. Acha saa moja, pima tena. Cha pampu ya mafuta kikiwa kimeshuka hata sentimita moja, usikipokee. Toa mifuko miwili, hiyo miwili iliyobaki iweke pembeni kabisa upande wa miguu, mahali watu hukalia wanapovua viatu. Ng'ambo ya pili ikinyanyuka, kitanda kitapinduka na mtu.

Inua egemeo hatua kwa hatua na ulikandamize kwa mikono miwili kila hatua. Kisha linyooshe ghafla, kama vile mgonjwa amezimia na unataka kumkanda moyo. Linatakiwa lilale bapa kwa mkono mmoja, bila kutafuta pini. Pitisha kiganja chini ya ukingo wote kutafuta ncha za chuma, maana hapo ndipo wagonjwa hushika wanapojivuta. Mulika tochi kwenye kila kiungo kilichochomelewa: nyufa, matundu, au rangi iliyopakwa nene mahali pamoja tu. Paliponenepa rangi, kwaruza kidogo uone kilicho chini.

Mwisho wa yote fungua boksi la vipuri na uhesabu mbele ya aliyeleta: vikombe vya miguu, kizibo cha tundu la uso, ufunguo wa kufungia mota, boliti za akiba. Kinachokosekana kiandikwe kwenye nakala zote mbili za hati ya kupokelea mzigo, pamoja na tarehe kitakapoletwa, ndipo uweke sahihi.